Mstari Mwekundu wa Melkiades

Hapa Rumonge ukimtaja Melkiades, watu hucheka kwanza, kisha huuliza leo ameogopa nini. Anaogopa radi. Anaogopa mbwa, hata aliyefungwa. Anaogopa ziwa, ingawa amejenga mahali ambapo mawimbi anayasikia akiwa kitandani. Sindano ndiyo usiseme: akiona mtu mwingine anachomwa, yeye ndiye anayetafuta kiti. Na mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote, tena mbele ya macho yake, kwa sababu mimi nimeumbwa na mdomo na yeye kaumbwa na masikio.

Jina langu ni Dusabe Yudita. Ninakaa dirishani katika zahanati ndogo iliyo kando ya barabara iendayo Nyanza-Lac. Mgonjwa akija ninamwuliza jina, ninaliandika kwenye kompyuta, na habari zake zinafunguka. Melkiades ndiye mtu wa kompyuta. Ofisi yake ni kipande cha chumba nyuma yangu, pazia katikati, na kupitia pazia hilo nimemsikia akikohoa, akiomba Mungu na akizungumza na mashine kwa miaka mingi kuliko ndoa za wengine.

Programu tunayoitumia aliiandika Lukeba, Mkongomani wa Uvira, fundi hodari na mlevi hodari. Aliiandika kwa FoxPro, lugha ya kompyuta ya zamani kabisa, ile ya skrini nyeusi isiyojua kipanya ni nini. Kisha Lukeba akarudi kwao, akafa, na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Melkiades aliyarithi mafaili yale kama mtu anavyorithi ng'ombe mkali: unamlisha, unamkamua, lakini humgeuzii mgongo.

Programu ile ilikuwa na kitu kimoja kizuri. Chini ya jina la mgonjwa, kama mwili wake haupatani na dawa fulani, ulitokea mstari mwekundu: USIMPE, kisha jina la dawa. Mimi mwenyewe ninao. Zamani, tukiwa bado wakimbizi Tanzania, nilipewa vidonge vya malaria vyenye salfa, na ngozi ikanitoka kama ganda la ndizi ya kuchemsha. Nililala juu ya majani ya mgomba, shuka lilikuwa linaninyofoa. Daktari aliyeniokoa alimwambia mama yangu kwamba mara ya pili hakutakuwa na cha kuokoa. Kwa hiyo nikiandika jina langu kwenye kompyuta, hapo chini panawaka: USIMPE SALFA. Niliuona mstari huo mara nyingi hadi nikaacha kuuona.

Melkiades hakuacha kuuona. Dada yake mkubwa, Agneta, alikufa kambini kwa sindano ya penisilini. Kadi iliyosema asichomwe ilikuwapo, ila ilikuwa kwenye zahanati ya upande wa pili wa kambi, na aliyemchoma hakuwa na habari. Melkiades alikuwa kijana, yeye ndiye aliyemshika dada yake mkono. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, akiwa amegeukia ukutani. "Yudita," alisema, "alikuwa anazungumuza. Halafu hakuzungumuza tena. Hata chai yake ilikuwa bado moto."

Basi kazi yake yote, ukiitazama vizuri, ilikuwa ni kuulinda mstari ule, rouge kama alivyouita kwa Kifaransa, usipotee. Na aliulinda kwa woga.

Kwa mfano, kihariri. Wasiojua kazi hizi niwaeleze kama nilivyoelezwa: programu imeandikwa kwa maneno, na ukitaka kuibadilisha lazima uyafungue maneno hayo kwenye kitu cha kuandikia. Hicho ndicho kihariri. Viko vingi, kama visu jikoni. Melkiades alikuwa na kimoja tu, kile kilichomo ndani ya FoxPro yenyewe, kibaya, kisicho na rangi, kinachoonyesha mistari michache kwa wakati. Siku moja, miaka ya nyuma, alijaribu kingine cha kisasa alichopewa na rafiki yake wa Bujumbura. Alibadilisha neno moja, akahifadhi. Asubuhi nilipofungua dirisha langu, fremu zote za skrini, zile za mistari miwili miwili, zilikuwa zimegeuka herufi za ajabu, utadhani mtu amemwaga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye kioo. Programu ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Kilichotokea ni kwamba kihariri kipya kiliyahifadhi maandishi kwa mtindo wa siku hizi, na FoxPro ya Lukeba haiujui mtindo huo. Lakini Melkiades alitapika. Simsingizii, alitapika kwenye ndoo ya mfagiaji. Tangu siku hiyo ukimtajia kihariri kipya alishika tumbo.

Na nakala. Kila jioni alinakili kila kitu kwenye flashi, na flashi aliziweka ndani ya kopo la maziwa ya Nido lililojaa mchele, ati mchele unanyonya unyevu wa ziwa. Kopo hilo alilipeleka nyumbani kwa kulikumbatia. Mkewe aliwahi kunililia kwamba mumewe hajawahi kumbeba mtoto wake yeyote kwa uangalifu wa namna hiyo. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Kuna na lingine. Kwetu Burundi, mapacha wakizaliwa, anayetangulia huitwa Bukuru na anayefuata huitwa Butoyi, wawe wa tajiri au wa mvuvi, wawe Waislamu au Wakristo. Kwa hiyo Bukuru akipita, ni adabu kumwuliza Butoyi wake yuko wapi. Wengi tunauliza kwa kupitisha neno. Melkiades aliuliza na kusubiri jibu. Bukuru akifika dirishani kwangu, pazia lilifunguka na kichwa kikatoka: "Na Butoyi wako, iko wapi?" Wagonjwa walimpenda kwa hilo. Mimi nilimwona anapoteza wakati.

Mwaka huu kompyuta ya zamani ikaanza kulia. Kwanza ililia asubuhi tu, kama mtu mwenye pumu, kisha kutwa nzima. Dogiteri Niyonkuru, mwenye zahanati, mtu mpole asiyepandisha sauti, alimwita Melkiades akamwambia kwamba mashine hiyo ikifa itakufa na watu wetu wote ndani yake. Alikuwa amemtafuta injinia kutoka Bujumbura.

Injinia alikuwa msichana aitwaye Ineza. Alikuja na mkoba mgongoni, akatusalimu vizuri, "Amahoro, Mama Yudita, amahoro, Papa Melkiades," akaketi kwenye kiti kibovu bila kulalamika. Nilimpenda hapo hapo. Melkiades alikaa pembeni ya kiti chake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Papa Melkiades," Ineza alisema, "kwanza unionyeshe namna wewe unafanyaka."

Alimwonyesha. Ineza alitazama kihariri kile cha zamani kwa muda, kisha akafungua kompyuta yake. Akamwonyesha chake, chenye rangi: majina bluu, amri kijani. Akaandika neno moja, na kihariri kikaonyesha kila mahali neno hilo lilipo katika mafaili yote ya Lukeba kwa mpigo mmoja. Nilimsikia Melkiades akivuta pumzi. Kutafuta namna hiyo kwa njia yake kulimchukua wiki.

"Lakini kitaharibu fremu," alisema.

"Kitaharibu kama hatukiambie. Tunakiambia: haya maandiko ni ya zamani, yahifadhi kizamani. Ona." Akabofya, akahifadhi, akafungua. Fremu zilikuwa nzima. Melkiades alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akatafuta kosa, akalikosa.

Walishinda siku kadhaa hivyo, na mimi nikiwasikiliza kupitia pazia. Waliweka kwenye kompyuta mpya programu inayojifanya mashine ya zamani, ili FoxPro ya Lukeba iendelee kuishi ndani yake kama bibi kizee aliyehamishiwa nyumba ya mjukuu. Ineza alimwonyesha pia chombo cha kulinganisha: mafaili mawili yanasimama bega kwa bega, na penye tofauti panawaka. Melkiades alikipenda hicho. Kisha wakaamua jambo kubwa, kwamba habari za wagonjwa zihamishwe kwenye hifadhi mpya, na dirishani kwangu kuwe na ukurasa mweupe wa kisasa. Mstari mwekundu ungebaki, tena mnene zaidi.

Walihamisha Jumapili, baada ya misa, zahanati ikiwa na wagonjwa wachache. Nilikuwapo kwa sababu funguo ninashika mimi, na kwa sababu sipendi jambo linipite. Ineza alibonyeza, majina yakaanza kumiminika. Mara skrini ikajaa mistari ya malalamiko, myekundu mitupu, mmoja juu ya mwingine, inakimbia kwenda juu. Melkiades akasimama. Jasho lilimtoka kama aliyekuwa anakamua mawese.

"Iko nini hiyo? Iko nini?"

"Usiogope, Papa. Hifadhi mpya nimeikataza kupokea watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Inasema hawa imeshawapata." Ineza aliisimamisha, akageuka. "Ni mutu mumoja ameandikwa mara mbili, ao ni batu wawili?"

Sasa hapa muelewe. Umeme wetu unajulikana. Miaka ile ya mashine ya zamani, mara nyingi ulikatika nikiwa katikati ya kumwandika mgonjwa. Ukirudi, ninamwandika upya, na mtu anakuwa wawili. Melkiades alihangaika na vivuli hivyo maisha yake yote. Alipoona mistari ile, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye umeme.

"Ni ile ya umeme," alisema. "Futa."

"Zote? Tungeangalia mumoja mumoja..."

"Futa, mutoto wangu. Abaki yule wa mwisho kuandikwa. Hiyo rouge itoke kwenye macho yangu, nakusihi."

Ineza alisita. Alimwangalia mtu aliyemzidi umri mara mbili, aliyeyajua mafaili yale kama vidole vyake, anayetetemeka. Akafuta. Skrini ikawa nyeupe na tulivu, na Melkiades akaketi, akajifuta uso kwa kofia. Nikamtania kwamba leo amekuwa mwanaume. Akatabasamu. Kopo lake la Nido lilikuwa mapajani.

Jumatatu nilivaa kitenge changu cha sikukuu kwa heshima ya ukurasa mpya. Ulikuwa mzuri, naapa. Unaandika herufi chache tu, jina linajileta. Mama wa kwanza alifika, asiyepatana na dawa fulani, na mstari wake ukawaka mwekundu kama pilipili. Nikampigia Melkiades kelele kupitia pazia: "Inawaka!" Akajibu: "Mungu ashukuriwe."

Kabla ya saa sita alifika mvuvi mmoja wa Magara. Alikuwa ameletwa na wenzake waliokuja kuuza samaki, wakamwegesha kwenye dirisha langu wakarudi sokoni. Msumari wa mtumbwi ulikuwa umemwingia mguuni, na mguu ulikuwa umevimba hadi goti, unang'aa. Homa ilimtetemesha meno. Jina: Bukuru Dismasi. Nikaliandika. Akatokea: Bukuru Dismasi, tarehe mosi Januari. Chini ya jina palikuwa peupe. Nikamwambia apite ndani.

Sikumwuliza kitu. Hakuna aliyemwuliza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo ninapoeleza: zamani, kabla ya mstari mwekundu, kila mgonjwa aliulizwa na kila mtu kama kuna dawa inayomdhuru. Miaka ilivyokwenda tukaacha, kwa sababu mstari uliuliza kwa niaba yetu. Dogiteri alitazama ukurasa wake, pakiwa peupe, akaandika penisilini. Nesi Kankindi akaanza kuitayarisha.

Melkiades alitoka nyuma ya pazia na kikombe chake cha chai. Alikuwa akitoka kila baada ya muda, kama kuku anayechungulia mayai. "Nani wamepita?" akauliza.

Nikamtajia. Mama Zuwena wa kisukari. Mtoto wa kikohozi. "Na Bukuru wa Magara, mguu kama shina la mchikichi."

"Dismasi?"

"Ee, Dismasi. Leo hukumwuliza Butoyi wake, umezeeka."

"Ametoka na rouge yake?"

"Rouge gani? Iko safi."

Aliweka kikombe juu ya kibodi mpya, na chai ikamwagika kwenye herufi. Nilitaka kumtukana. Lakini nilimwona uso, na tusi likanikauka mdomoni. Alikimbia. Sikuwahi kumwona Melkiades akikimbia, hata mbele ya mbwa. Mbele ya mbwa huganda. Nikamfuata bila kujua kwa nini.

Kankindi alikuwa ameshamlaza Bukuru ubavu, ameshapangusa mahali kwa pamba, sindano i mkononi. Melkiades alifungua mdomo mlangoni na hakuna sauti iliyotoka. Nilikuwa nyuma yake. Kankindi alikuwa ametupa mgongo, hakutuona, mkono wake ulikuwa unashuka. Melkiades akavuka chumba akaweka kiganja chake pale, juu ya nyama ya mtu yule, mahali palipopanguswa. Sindano ikamwingia yeye, nyuma ya mkono.

"Papa Melkiades! Umepata wazimu?" Kankindi alipiga kelele, akaichomoa.

Aliitazama damu yake. Nilingoja aanguke. Hakuanguka. "Butoyi," alisema, sauti ikiwa kama ya mtoto. "Bukuru, waambie. Butoyi wako, iko wapi?"

Mvuvi aligeuza kichwa kwenye mto, macho yamejaa homa. "Si ulishaniulizaka, muzee. Butoyi alikufa. Ni hiyo sindano ilimuua, kule kambini. Na mimi nilipewaka dawa ya namna hiyo, koo ikafunga. Si uliandika weye mwenyewe?"

Kankindi aliiweka sindano kwenye trei polepole sana, kana kwamba ingelipuka. Ndipo Melkiades akakaa sakafuni. Mimi nilishika mlango.

Walikuwapo Bukuru Dismasi wawili. Mmoja wa Magara, mvuvi, mwenye mstari. Mwingine analima michikichi huku Mutambara, mzima kama jiwe, aliyeandikwa baadaye. Na wote wawili walizaliwa tarehe mosi Januari ya mwaka mmoja, kwa maana kwamba hakuna aliyejua walizaliwa lini. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania ndivyo tulivyo. Ukiulizwa tarehe yako ukajibu kwamba mama alikuwa anavuna maharage, utaandikiwa mwaka wa kukisia na tarehe mosi Januari. Nusu ya Rumonge na Nyanza-Lac tunazeeka siku moja. Melkiades mwenyewe ni wa mosi Januari! Yeye, kuliko mtu yeyote duniani, alipaswa kujua kwamba mistari ile haikuwa umeme peke yake. Lakini skrini ilikuwa imewaka, naye alikuwa ameogopa, na mwenye hofu hufunga mlango wowote ulio karibu.

Hofu iliyofuata sijapata kuiona mahali petu pa kazi. Dogiteri Niyonkuru alifunga kompyuta kwa mikono yake. Akaamuru kila mgonjwa aulizwe kwa mdomo, na asiyeweza kujibu aulizwe ndugu yake. Akauliza ni nani wengine waliopewa dawa tangu asubuhi. Tukatuma waendesha pikipiki nyumba kwa nyumba, na nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikisikiliza kila pikipiki inayokaribia, nikijaribu kusikia katika mlio wake kama inaleta msiba. Mama Zuwena alikuwa mzima, anapika. Mtoto wa kikohozi alikuwa mzima, analala. Kila aliyekutwa mzima alitupunguzia kidogo tu, kwa sababu hatukujua wangapi wengine wamebaki bila mstari, huko milimani na mitumbwini, wakisubiri tu siku ya kuugua.

Ineza tulimpata kituoni akisubiri gari la Bujumbura. Aliporudi hakumlaumu mtu. Alisema tu, taratibu, "Nilikuuliza, Papa."

"Uliniuliza," Melkiades akajibu. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. "Sasa tuwatafute."

Akalifungua kopo la Nido. Mchele ukamwagika mezani, na flashi ya Jumamosi ikatoka humo salama, na watu wetu wote ndani yake. Nilikumbuka jinsi nilivyolicheka kopo hilo mbele ya mkewe. Ineza akachukua kile chombo cha kulinganisha, akasimamisha mafaili mawili bega kwa bega: kushoto watu wa zamani, kulia watu wa Jumapili. Kila aliyefutwa aliwaka upande wa kushoto, na kulia kwake palikuwa na shimo.

Melkiades alisoma kwa sauti, kidole kwenye kioo, na Ineza alimrudisha kila mmoja mahali pake. Baadhi kweli walikuwa wa umeme, mtu mmoja mara mbili. Wengi walikuwa watu. Bukuru, Bukuru, Butoyi, Bukuru. Niyonkuru asiyehusiana na Dogiteri. Kankindi asiye nesi wetu. Wote mosi Januari. Mimi nilisimama nyuma yao nikiwa nimeanza kupata nguvu, na mdomo wangu ulikuwa umeanza kunirudia. Nikasema kwamba watu wa Rumonge wangekuwa na aibu kidogo, wangewapa watoto majina tofauti.

Melkiades aliacha kusoma. Kidole chake kilikuwa kimesimama.

"Nini?" nikasema. "Soma."

Akasogea pembeni ili nione. Nikainama. Kushoto paliandikwa: Dusabe Yudita, mosi Januari, na chini yake USIMPE SALFA. Kulia palikuwa na shimo. Chini kidogo kulikuwa na Dusabe Yudita mwingine, mwanamke nisiyemjua, wa mosi Januari, asiye na mstari wowote. Ndiye aliyebaki. Mimi nilikuwa nimefutwa tangu Jumapili, nikiwa nimesimama pale pale, nashika funguo, nacheka.

Nilijiona nimelala kwenye kitanda cha Kankindi, malaria imenipanda kichwani, siwezi kusema. Nilimwona mtu mwema anaandika jina langu na kuona peupe. Nilisikia tena yale majani ya mgomba mgongoni. Nikalia, sitaficha, nikalia kwa sauti mbele ya yule msichana, na Melkiades alinivutia kiti chake. Hakuniambia nisiogope. Ni mtu pekee niliyemjua ambaye asingeniambia neno hilo.

Bukuru alipona kwa dawa nyingine, na bado hutuletea samaki wa mukeke akipita. Ineza aliiondoa ile kanuni ya jina na tarehe. Sasa kila mtu ana namba yake, na mbele ya namba pana jina la mama na, kwa pacha, jina la pacha mwenzake. Hilo la pacha alilitaka Melkiades. Na vihariri, kama mnataka kujua, ameamua hivi: chenye rangi ni cha kusomea, kutafutia na kulinganishia, na anakisifu kwa kila mtu. Siku ya kugusa programu ya Lukeba yenyewe anarudi kwenye kile kibaya cha zamani, anaandika neno moja, anahifadhi, anatoka nje kupunga upepo, anarudi kutazama. Ineza akimpigia simu humwambia kwamba anajichelewesha. Yeye hushukuru, "Murakoze, mutoto wangu," na anaendelea vile vile.

Watu mjini bado wanamcheka. Juzi alikimbia mvua ya radi akaingia kwenye duka la sabuni, na habari zikanifikia kabla hajatoka humo. Walionieleza walitegemea nitaongeza chumvi yangu. Nikawaambia wanunue sabuni waende nyumbani.

Kila asubuhi, kabla sijamfungulia mgonjwa wa kwanza, ninaandika jina langu kwenye ukurasa ule mweupe na kusubiri. Ni kitambo kifupi sana, lakini mikono inanilowa. Nyuma ya pazia kikohozi kinanyamaza.

"Umejitafuta?" ananiuliza.

"Nimejitafuta."

"Uko?"

Mstari unawaka. "Niko," ninasema, na hapo ndipo ninafungua dirisha.